Usiniambie Niweke Windows

Jirani yangu alilipa shilingi 2,500 ili mtu amfutie mahojiano 14 ya mradi wake wa mwaka wa mwisho.

Sivyo alivyoambiwa, bila shaka. Aliambiwa analipia kutengenezewa laptopu. Na laptopu yenyewe haikuwa imeharibika. Ilikuwa inawaka vizuri, inashika Wi-Fi, inacheza muziki. Shida ilikuwa moja tu: akichomeka skrini kubwa aliyoazimwa na binamu yake, skrini inaandika hakuna ishara, na laptopu inanyamaza kana kwamba hakuna kilichochomekwa. Akaibeba hadi kwa fundi mmoja katikati ya mji, ghorofa ya tatu, kale kachumba ka meza nne na mafundi sita. Fundi akaiwasha, akaona ni Ubuntu, akacheka. "Madam, shida ni hii Linux. Wacha nikuwekee Windows."

Baada ya saa mbili akarudishiwa laptopu ikiwa na Windows isiyo na leseni na diski isiyo na kitu. "Kwani hukuwa umehifadhi kazi yako mahali pengine?" Hilo ndilo swali aliloulizwa, kazi ikiwa imeshaisha. Akafika nyumbani usiku, akachomeka skrini. Hakuna ishara.

Nikamwazima waya wangu wa HDMI. Skrini ikawaka papo hapo. Waya wake ndio uliokuwa umekatika ndani, karibu na kichwa, pale tunapoukunja tukiusukuma kwa begi. Waya wa shilingi 300.

Hakulia. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo Linux haikuwa na makosa?" Sikumjibu, kwa sababu jibu la kweli lingemuumiza zaidi.

Makala hii inabishana na sentensi moja, ile ya "weka Windows tu". Sina vita na Windows yenyewe. Mama yangu anaitumia, duka la fotokopi la mtaani linaitumia, na kama una presentation kesho asubuhi nitakuambia utumie chochote kinachowaka. Vita vyangu ni na tabia ya kutoa suluhisho kabla mtu yeyote hajajua shida ni nini, halafu kumlipisha mwenye shida.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Kwetu jua limekuwa Linux. Printa ikigoma, ni Linux. Spika ikikwaruza, ni Linux. Waya wa mia tatu ukikatika, ni Linux. Ni kama ile hadithi ya kijiko kilichopotea nyumbani: wa kwanza kushukiwa ni msichana wa kazi, kwa sababu ndiye mgeni. Anafukuzwa Jumatatu, na kijiko kinapatikana nyuma ya jiko Alhamisi. Hakuna anayempigia simu kumwomba msamaha.

Hebu tuseme jinsi skrini inavyotambuliwa, kwa sababu biashara ya "weka Windows tu" inasimama juu ya wewe kuamini kwamba ni uchawi.

Kichwa cha HDMI kina pini 19. Ukichomeka, laptopu hutuma volti 5 kupitia pini ya 18. Skrini ikizipata, hujibu kupitia pini ya 19. Hiyo ndiyo hodi. Laptopu ikisikia hodi, huuliza kupitia pini ya 15 na ya 16: wewe ni nani? Skrini nayo hutoa kitambulisho chake, kinaitwa EDID, na sehemu yake ya kwanza ina baiti 128. Humo imeandikwa nani aliyeitengeneza, ina ukubwa gani, na inaweza kuonyesha picha za vipimo gani. Kisha draiva ya chipu ya picha, ndani ya kerneli, hupanga picha ya kutuma. Mwishowe ile programu inayochora madirisha yako huamua nini kikae wapi.

Kwa hivyo "skrini haionekani" si ugonjwa mmoja. Huenda hodi haikufika, kwa sababu ya waya, adapta au tundu lililolegea. Huenda hodi ilifika lakini kitambulisho kikavurugika njiani, kama adapta nyingi za bei ya chini zinavyofanya. Huenda draiva haipo, au ipo na haikupakiwa. Huenda draiva iko sawa ila hujaiambia mashine iitumie hiyo skrini. Na kuna la tano ambalo limetesa wengi: tundu la USB-C lisilobeba picha kabisa. Matundu mawili ya USB-C yanaweza kufanana kama mapacha, moja likabeba picha na lingine likabeba chaji na data tu. Hakuna Windows itakayoliongezea nyaya ambazo hazikuwekwa kiwandani.

Hesabu vizuri. Kati ya hayo matano, matatu hayahusiani hata kidogo na mfumo endeshi. Ukiweka Windows umebadilisha mwenye nyumba ilhali mlango ndio mbovu.

Sijifanyi mjanja. Mimi pia iliniangukia.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuweka manukuu kwenye video 9 za mafunzo, siku nne, shilingi 18,000. Hiyo ni kodi ya nyumba na deni la dukani. Kazi ya manukuu bila skrini mbili ni mateso: video inataka nafasi yake, maandishi yanataka yake. Siku ya tatu asubuhi nikawasha laptopu yangu ya ex-UK, na skrini ya nje ikabaki nyeusi. Jana yake usiku ilikuwa inafanya kazi.

Ningependa kusema nilitulia. Niliichomoa na kuichomeka mara ishirini. Halafu nikaingia mtandaoni, nikanakili amri za watu nisiowajua, nikazibandika moja baada ya nyingine na sudo mbele, bila kujua hata moja inafanya nini. Kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimeharibu sauti pia. Nikapigia marafiki wawili, kila mmoja kivyake. Wote wawili wakaniambia, weka Windows tu.

Kilichonizuia hakikuwa imani. Kazi yote ya siku mbili ilikuwa kwenye diski hiyo na sikuwa na pa kuihamishia. Basi nikaanza kuuliza kwa utaratibu, kama mtu asiye na njia nyingine. Waya: nikaupeleka kwa TV ya jirani, ukafanya kazi. Skrini: nikaichomeka kwa king'amuzi chake, ikawaka. Nikarudi, nikaandika xrandr, amri inayoorodhesha milango ya picha ambayo mashine inaijua. Nilitarajia kuona HDMI na neno la Kiingereza la kusema haijaunganishwa. HDMI haikuwemo kabisa. Kulikuwa na skrini ya laptopu, basi.

Hapo ndipo kitu kilinifungukia, na ndicho kilichonifanya niandike haya. "Haijaunganishwa" maana yake mashine inaujua mlango, ila hakuna aliyebisha. Kukosekana kwenye orodha maana yake mashine haijui kama ina mlango huo. Skrini ingebisha hodi hadi alfajiri na isisikike. Hizo ni shida mbili tofauti kabisa, na mashine ilikuwa imenijibu siku nzima. Mimi ndiye sikuwa nimeiuliza.

Laptopu yangu ina chipu mbili za picha. Tundu la HDMI limefungwa kwenye ile ya pili, ile kubwa, na draiva yake hutolewa na kampuni iliyoitengeneza, nje ya kerneli. Kila kerneli mpya ikija, lazima draiva hiyo ijengwe upya ili iendane nayo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekubali apdeti. Kerneli mpya ikaingia, draiva ikashindwa kujengeka, na hakuna aliyeniambia. Nikaandika lspci -k: chipu ipo, draiva ya kuisimamia hakuna. Nikawasha mashine upya, nikafungua menyu ya GRUB, nikachagua kerneli ya awali, ambayo Ubuntu huiacha pale kama akiba. Saa tano na dakika ishirini usiku skrini ikawaka.

Tiba ilichukua dakika saba. Hofu ilichukua siku nzima. Nilikabidhi kazi nikiwa nimechelewa siku moja, nikalipwa 13,000, na mteja yule hajawahi kuniita tena.

Sasa utasema: si umekiri mwenyewe, Linux ilikuangusha? Kwa sehemu, ndiyo. Apdeti inayovunja kitu kimyakimya ni aibu, na anayeitetea anatetea uzembe. Mfumo ulijua draiva haikujengeka. Ungeweza kuniambia kwa sentensi moja kwenye skrini iliyobaki. Haukuniambia.

Lakini uliza swali la pili, lile ambalo "weka Windows tu" haitaki uulize. Kwa nini draiva hiyo ilikuwa nje? Draiva zilizomo ndani ya kerneli hubadilishwa pamoja na kerneli. Anayebadilisha ukuta anaona na mlango. Draiva iliyofungiwa na kampuni hukimbia nyuma ikihema. Siitaji kampuni ya chipu yangu kwa sababu jina halibadilishi hoja. Hoja ni kwamba mtu fulani aliniuzia mlango akabaki na maelezo ya bawaba.

Na mambo haya ni ya kale kuliko sisi. Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya MIT, Marekani, na printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi kila mara. Alitaka kuongeza programu kidogo tu ya kuwajulisha watu inapokwama. Akamwendea mtu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na msimbo wake. Akanyimwa, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameahidi kutompa yeyote. Mwaka 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaleta kerneli ya Linux. Stallman alikuwa amekataliwa ruhusa ya kutengeneza kifaa kilichokuwa mbele yake kikimsumbua. Printa ile na skrini yangu ni ndugu wa damu.

Ukidhani hayo yaliisha, tazama HDMI yenyewe. Kampuni ya AMD ilikuwa imeandika draiva huria inayoweza kutumia HDMI 2.1, kiwango kilichotolewa mwaka 2017. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba HDMI Forum, chama cha kampuni kinachomiliki kiwango hicho, kimekataa draiva hiyo itolewe hadharani. Kazi ilikuwa imefanywa. Wahandisi walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa. Kwa hivyo mtu mwenye kadi nzuri na TV ya bei, akitaka picha ya 4K mara 120 kwa sekunde bila kupunguza ubora wa rangi, akajikuta amefungiwa kwa sababu ya karatasi ya kisheria. Halafu rafiki yake anamwambia, unaona, Linux haiwezi.

Skrini yangu ni ya mtumba, 1080p, hayo ya 4K hayanihusu. Ila nikijua nani ameshika ufunguo, siwezi tena kumlaumu aliyesimama nje.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja kwa bei na kwa haki, na watu wa huko wamebishana miaka arobaini wakijaribu kulifafanua. Sisi tuna mawili: bure na huru. Taabu yetu ni kwamba tunasikia la kwanza tu. Na bure kwetu ina sumu yake. Mtu bure ni mtu asiyefaa. Fundi akiona Ubuntu anaona kitu cha bure, cha mtu aliyekosa pesa za kitu halisi. Haoni kitu huru, kinachokuruhusu umuulize kila mlango jina lake na ujibiwe. Hata hilo jina Ubuntu, alilochagua Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ni ndugu wa neno letu utu. Tunacheka neno letu wenyewe kwa lafudhi ya mwenye duka.

Tena, Windows gani hiyo unayoniambia niweke? Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, na kwa Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha nane kuja juu. Laptopu nyingi za ex-UK ambazo sisi wanafunzi, waandishi na waliochana na chuo tunaweza kununua ni za kabla ya hapo. Kwa hivyo unachouziwa kwa 2,500 ni ama mfumo uliostaafu, ama mpya uliolazimishwa kuingia kwa ujanja, na mara nyingi wote hauna leseni. Hiyo ndiyo suluhu "ya kawaida". Mashine yenye waya mbovu inaondoka dukani ikiwa na waya mbovu na mlango wazi kwa kila mwizi wa mtandaoni.

Lakini nisipowageukia watu wangu, nitakuwa mnafiki.

Sisi watu wa Linux tunapenda kuombwa msaada kuliko tunavyopenda kusaidia. Mgeni anakuja na skrini nyeusi, tunamwambia akasome mwongozo. Mwongozo uko wapi, hatusemi. Au tunamjibu, "kwangu inafanya kazi", jibu lisilo na faida yoyote duniani. Au tunamrushia amri ya mistari mitatu bila neno hata moja la maelezo, kama mganga anayekupa unga uliofungwa kwenye gazeti. Akipona hajui kwa nini, akizidiwa hajui kwa nini. Mimi niliharibu sauti yangu kwa unga wa aina hiyo. Tofauti yetu na yule fundi wa ghorofa ya tatu ni ipi? Yeye anafuta kila kitu mara moja. Sisi tunakufanya ufute mwenyewe, polepole.

Na tunafanya hayo yote kwa Kiingereza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Usiku ule wa skrini nyeusi nilitafuta maelezo ya Kiswahili ya kosa langu, nikakosa hata ukurasa mmoja. Tumeweza kutafsiri vitufe. Bado hatujaweza kukaa chini tukamweleza mtu, kwa lugha anayoota nayo, pale pa kuangalia. Kuuliza si ujinga, tunasema. Basi tuache kumjibu anayeuliza kama mjinga.

Kwa hivyo nataka mambo haya, na sioni ni mengi.

Fundi, kabla hujagusa diski ya mtu, mwambie kwa sentensi moja ni nini kimeharibika na umejuaje. Ukishindwa kusema, hujui, na hujapata haki ya kulipwa. Weka waya mzima mmoja kwenye droo yako. Jaribu huo kwanza. Ni shilingi 300.

Muuzaji wa ex-UK, chomeka skrini kwenye kila tundu mbele ya mnunuzi. Umesema ina HDMI, umesema ina USB-C, onyesha picha.

Msee wa Linux, mtu akikuuliza, mpe amri moja na umwambie inauliza nini. Anza na ile isiyobadilisha kitu: orodha ya milango. Sudo ije mwisho, ikija.

Na wewe unayesoma na skrini yako imekataa: badilisha waya. Jaribu skrini kwa mashine nyingine. Tazama kama mlango uko kwenye orodha. Kama uko na umeandikwa haujaunganishwa, rudi kwa waya, adapta na tundu. Kama hauko, uliza habari za draiva, na ukumbuke jana ulikubali apdeti gani. Ukiwa na kerneli ya zamani, iamshe. Baada ya hayo yote, ukiamua kuweka Windows, weka, nami sitakucheka. Utakuwa umechagua. Jirani yangu hakuchagua. Alichaguliwa na mtu aliyekuwa anacheka.

Mahojiano yake aliyarudia sita. Wanane waliobaki hawakushika simu, na mmoja wao, mzee wa Githurai, alikuwa amefariki. Msimamizi akakubali mradi ukiwa pungufu, akampa C.

Mwezi uliopita alinibishia mlango akiwa na laptopu ya rafiki yake mkononi. "Haioni skrini," akaniambia. Nikafungua mdomo kuuliza.

"Waya nimeshajaribu kwa TV," akasema. "Ni mzima. HDMI haiko kwa orodha."